Darasa la jioni la Madam pale Mbuyuni, Moshi: kwa wanaosumbuliwa na "if"

Wenzangu wengi tunaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro wananiuliza Kiingereza nimesomea wapi, basi wacha niandike vizuri mara moja kila mtu asome. Ni darasa la jioni la Madam, lile la uswahilini karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Halina bango wala jina, ukifika sokoni muulize mama ntilie yeyote "kwa Madam wa Kiingereza ni wapi" utaoneshwa. Madam ni mwalimu mstaafu wa sekondari, anafundishia chumba cha mbele cha nyumba yake, viti vya plastiki, ubao mmoja na chaki, basi. Ada elfu arobaini kwa mwezi, anakubali ulipe nusu nusu, na kama ulikuwa mlimani wiki nzima hujahudhuria hakudai ya hiyo wiki, kitu ambacho vyuo vya mjini kati sijawahi kukiona.

Anafundisha mambo mengi ila mimi leo naongelea kitu kimoja tu, sentensi za "if", maana hilo ndilo lililofanya nione hela yangu imeenda mahali pazuri, na ndilo naona linawatesa wenzangu wengi sana, wapagazi wanaotaka kuwa waongozaji, wapishi, mpaka waongozaji wenye leseni ya miaka mingi wanaoongea Kiingereza kinachotiririka vizuri tu lakini wakifika kwenye "if" sentensi inawaponyoka.

Ukiitazama kazi ya mlimani kwa makini, karibu kila kitu muongozaji anachomwambia mgeni kina sharti ndani yake. Kichwa kikiuma niambie. Mvua ikinyesha tutavaa makoti. Usipokunywa maji ya kutosha utaumwa. Tukitoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane tutafika juu jua linachomoza. Begi lako likizidi kilo 15 itabidi tuongeze mpagazi. Hayo yote kwa Kiingereza yanapita kwenye "if" au kwenye ndugu zake, na ukiyakosea mgeni anaweza asikuelewe kabisa au, mbaya zaidi, akaelewa kitu tofauti na ulichomaanisha, na kule Barafu kwenye mita 4,673 watu wamechoka, hewa nyepesi, kila mtu anaongea kwa shida, kutoelewana pale ni hatari kwa kweli. Sasa wengi wetu tumesoma la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya masomo, ukibahatika kwenda fomu wani ndo ghafla kila kitu kinageuka Kiingereza, na hiyo "if" unaipitia kwa kukariri, aina ya kwanza, aina ya pili, aina ya tatu, mtihani ukiisha na yenyewe imeondoka.

Madam haanzi na hizo aina. Siku ya kwanza ya mada anaandika ubaoni maneno matatu ya Kiswahili: ukija, ungekuja, ungalikuja. Halafu anakaa kimya anawaacha mbishane. Na watu wanabishana kweli, mmoja anasema ukija ni kwamba bado kuna uwezekano, mwingine anasema ungekuja ni kama mtu anajua huji lakini anatamani, wa tatu anasema ungalikuja ni mambo yaliyokwisha pita hayarudi. Madam anaandika yote wanayosema, halafu anawaambia, "Wanangu, hii sarufi mnayo tayari, kazi yetu ni kuangalia Kiingereza kinafanya nini pale ambapo sisi tunafanya hivi." Mimi hapo ndo nilipokaa sawa kwenye kiti. Kabla ya hapo nilishasoma sehemu nyingine ambayo kuongea Kiswahili darasani ilikuwa unatozwa faini, mwalimu anachora jedwali la fomyula mnanakili mnaenda nyumbani, na ukimuuliza kwa nini iwe hivi anakwambia ndivyo ilivyo.

Anachukua -ki- ya "ukija" kwanza, na kitu cha kwanza anachokionesha kwenye -ki- sijawahi kukisikia kwa mwalimu mwingine yeyote. Kwa Kiswahili ukisema "mpagazi akija utapata begi lako" hakuna anayeshtuka, kila mtu anajua mpagazi anakuja, ni suala la muda tu. Ile ile -ki- inatumika kwa kitu cha uhakika na kwa kitu ambacho huna uhakika nacho, msikilizaji anajiongeza mwenyewe. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Sasa mpagazi wetu anamwambia mgeni "If the porter comes, you will get your bag". Jamani, mgeni ametoka kwenye msitu wa Machame amelowa, nguo zake zote kavu ziko kwenye lile begi, halafu anasikia kwamba mwenye begi anaweza akaja au asije! Uso unabadilika hapo hapo na wewe hujui umemkosea nini. Ilitakiwa "When the porter comes". Na kinyume chake ni kibaya zaidi, mtu anasema "When you get sick, we will go down" akimaanisha ukiumwa tutashuka, mgeni anasikia kwamba kuumwa ni lazima, kumepangwa kwenye ratiba kabisa.

Tulikaa sana kwenye hili na ninashukuru tulikaa. Kuna jioni nzima darasa lilibishania kilele, je mgeni aambiwe "when we reach the summit" au "if we reach the summit". Vijana wengi walisema "when", umpe moyo. Kaka mmoja muongozaji wa siku nyingi akasema hapana, ukisema "when" umemuahidi, na kule Uhuru kwenye mita 5,895 si wote wanafika, ukimuahidi kisha ukamshusha njiani atakuona muongo. Madam hakuamua, alisema sarufi inakupa maneno mawili, ubinadamu wako ndio unachagua. Mimi siku hizi nasema "when we reach Barafu" kwa sababu Barafu nina uhakika nako zaidi, halafu "if everything goes well, we will reach the summit", na wageni wananielewa na wanaliheshimu.

Halafu kuna lile la "will". Wengi tunasema "If you will climb fast, you will get a headache". Nilidhani ni Kiswahili kinatuharibu, maana hivyo ndivyo tunavyoambiwa siku zote, acheni kufikiri kwa Kiswahili. Madam akatuonesha kwamba Kiswahili hapa kinatusaidia kabisa: ukipanda haraka utaumwa kichwa. Hiyo -ta- iko wapi? Iko upande wa kuumwa tu. Upande wa kupanda haipo, hakuna mtu anasema "ukitapanda". Na Kiingereza ni hivyo hivyo, upande wa "if" unabaki "you climb", upande wa pili ndo unapata "will". Shida inatokea pale mtu anapoanza na "kama utapanda haraka", ile kama uta- ndo inayozaa "if you will". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo irudishe sentensi yako kwenye -ki- halafu ndo uipeleke Kiingereza. Hii ilinifanyia kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, na najua wenzangu waliosoma nao ni hivyo hivyo, unamuona mtu anasita kidogo, anatoa -ki- kichwani, kisha anasema "if you climb" safi kabisa.

(Kuna "if you will" moja iliyo sahihi, ile ya kumwomba mtu kwa adabu, "If you will follow me, please". Hiyo ni ombi na haihusiani na kesho, waongozaji tunaihitaji sana hivyo ishikeni kando.)

Zile za mambo ya kila siku yasiyobadilika anazipitia haraka na mimi nitapita haraka. Pande zote mbili wakati uliopo, "If you go higher, the air gets thinner". Uzuri ni kwamba mifano anaitoa kwetu, anatuuliza mlimani vitu gani hutokea kila mara, watu wanajibu. Kule juu hewa unayoipata ni kama nusu ya ile ya Tanga au Dar. Ukichemsha maji Barafu yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90 ndo maana wali hauivi vizuri, mpishi mmoja alilisimulia hilo kwa uchungu wa miaka mingi. Ukimeza Diamox, ile dawa ya kuzuia kuumwa na mwinuko, unakojoa sana. Kila kimoja kinageuzwa "if" hapo hapo na aliyekisema ndiye anayekigeuza. Pia amri, "If you feel dizzy, tell me", ambayo kwa maoni yangu ndiyo sentensi ya kwanza kila mpagazi aijue hata kama hajui nyingine.

Sasa -nge-. Hapa ndipo penye kazi.

Kiswahili tunaweka -nge- pande zote mbili, ningekuwa na hela ningenunua buti mpya. Masikio yetu yamezoea hiyo mizani, -nge- huku -nge- kule, kwa hiyo tukienda Kiingereza tunaweka "would" huku na "would" kule, "If I would have money, I would buy new boots". Na ukimsahihisha mtu anaona kama unamuonea, kwa sababu kichwani imekaa sawa kabisa. Madam anachofanya, anaandika sentensi ya Kiswahili kwa chaki, anazungushia duara -nge- ya kwanza na kuandika juu yake "iliyopita", anazungushia ya pili anaandika "would". Basi. "If I had money, I would buy new boots". Kila mtu analeta yake, ningekuwa na gari, ningejua Kijerumani, ningekuwa na leseni, mpaka mkono unazoea.

Ugumu mwingine ni kwamba hiyo "had" imevaa wakati uliopita lakini inaongelea leo hii. Watu wanaumia kichwa hapo. Dada mmoja aliuliza, sasa mgeni atajuaje kama naongelea jana au naongelea ndoto? Madam akamjibu kwa kumuuliza, ukisema "ningekuwa" wewe unaongelea lini? Akafikiri, akasema sasa hivi. Basi na wao wanajua kwa sababu ya "would" inayokuja nyuma. Pia akatuambia kwenye "be" tutumie "were" kwa wote, "If I were you", tutawasikia wageni wengine wanasema "was" na tusiwasahihishe, ila sisi tukikaa kwenye "were" hakuna atakayetuona tumekosea.

Na hiyo "If I were you" jamani ni dhahabu kwenye kazi yetu. Mgeni ni mtu mzima, pengine umri wa baba yako, kwa malezi yetu huwezi ukasimama mbele yake ukamwambia "You must drink water", kinywa chenyewe kinakataa. Wengi wetu hapo ama tunanyamaza, na mzee anaumwa, ama tunasema kwa ukali kwa sababu hatuna maneno ya katikati. "If I were you, I would drink a little more" inamshauri bila kumvunjia heshima. Niliwaona wapagazi wawili wenye aibu sana wakiizoeza hii sentensi wao kwa wao nje kwenye baraza, na kwa kweli nilifurahi.

Kuna jambo jingine kwenye -nge- ambalo ningependa kila muongozaji alisikie. Unapoeleza habari ya hatari siku ya kwanza, ukisema "If someone gets very sick, we will call a helicopter" ni sawa kabisa, ila inasikika kama jambo la kawaida linalotokea tokea. Ukisema "If someone got very sick, we would call a helicopter" mgeni anapata habari ile ile, anajua helikopta ipo, lakini anasikia kwamba hutarajii litokee. Hofu inapungua. Kumbe hata sisi tunafanya hivyo bila kujua, "mtu akiumwa sana tutaita helikopta" na "mtu angeumwa sana tungeita helikopta" hazina uzito mmoja. Ila kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu rudi kwenye ya kwanza, maana hayo yanatokea sana na unataka mgeni ayachukulie kwa uzito.

Tukaja kwenye -ngali-, na hapa nitasema ukweli, darasa lilianza vizuri likaisha kwa haraka. Mwanzo ulikuwa mzuri: "Ungaliniambia jana, tungalishuka mapema", kwa Kiingereza "If you had told me yesterday, we would have gone down earlier". Shida yetu ni kwamba siku hizi bara huku -ngali- karibu haisikiki mdomoni, watu wanasema "ungeniambia jana tungeshuka mapema" na neno jana linafanya kazi yote. Pwani na Visiwani utasikia ningelijua, ningelikwenda, ila huku kwetu ni -nge- tu kwa kila kitu. Kwa hiyo mtu akitafsiri anatoa "If you told me yesterday, we would go down", na mgeni anabaki anashangaa tunashuka lini sasa. Madam alisema kabla hujasema Kiingereza jaribu kuweka -ngali-, ikikaa basi ni "had" na "would have", isipokaa basi ni -nge- ya sasa. Ushauri mzuri sana. Na kuna wageni Wamarekani utawasikia wenyewe wanasema "If I would have known", ndivyo wengi wao wanavyoongea, usibishane nao, ila ukiandika hivyo kwenye mtihani utakatwa.

Lakini kile cha kuchanganya hakukigusa kabisa. Namaanisha ile ambayo sababu ni ya jana na matokeo ni ya sasa hivi, ungelala vizuri jana sasa hivi ungekuwa na nguvu. "If you had slept well, you would be strong now". Mlimani hii inahitajika kila asubuhi! Mtu hakula usiku sasa hivi hawezi kutembea, mtu hakuvaa glavu sasa vidole vimekufa ganzi. Nilipomuuliza akasema hiyo ni ya baadaye, na baadaye haikufika, mwezi ukaisha tukaenda mada nyingine. Hapo ndo nyota moja kati ya tano nilizotaka kumpa Madam imepotea, na nimemwambia mwenyewe uso kwa uso kwa hiyo siandiki kwa kumsengenya.

Kitu ambacho kimefidia ni jioni ya "in case". Hiyo sikuitegemea kabisa. Muongozaji anamwambia mgeni asubuhi, "Take your raincoat if it rains". Yeye anamaanisha chukua koti la mvua isije ikanyesha. Mgeni anaelewa kwamba mvua ikishaanza ndo achukue koti, anaona jua linawaka, anaacha koti kwenye begi kubwa. Begi kubwa linabebwa na mpagazi, na mpagazi ametangulia zamani yuko kambini anapiga hema. Mvua inashuka katikati ya njia na koti liko kilomita kadhaa mbele. "Take your raincoat in case it rains", maneno mawili tu, na mgeni anaweka koti kwenye begi dogo la mgongoni. Darasa zima lilipiga makofi aisee, kwa sababu kila mmoja alishawahi kumuona mgeni amelowa chapachapa huku amekasirika na hakuna aliyejua nani wa kulaumiwa.

"Unless" nayo aliifundisha kwa -sipo-. Usipokunywa maji utaumwa, "If you don't drink water, you will get sick" au "Unless you drink water, you will get sick". Ukishaweka "unless" usiweke "don't" tena, maana kukataa kumeshaingia ndani yake. Wengi tulikuwa tunaweka mara mbili, na ukisema "unless you don't drink" umemshauri mgeni asinywe maji. Na akagusia mradi, ambayo ni "as long as", "You can go in front as long as I can see you", hiyo kwa wageni vijana wenye haraka ni muhimu mno.

Sasa kasoro kubwa, na naomba Madam aipokee kwa moyo mweupe kwa sababu naandika nikitaka darasa likue. Hakuna kusikiliza. Yote tunayofanya ni kuandika na kusema wenyewe kwa wenyewe, hakuna spika, hakuna hata rekodi ya mzungu mmoja anaongea. Wageni hawasemi "would have" vizuri kama ilivyoandikwa ubaoni, wanasema kitu kinachosikika kama "wudav", na "I had" na "I would" zote mbili wanazifupisha zinakuwa "I'd", kitu kimoja kabisa kwenye sikio. Mgeni anasema "If I'd known, I'd have brought gloves", ya kwanza ni "had" ya pili ni "would", na aliyejifunza kwa macho tu hasikii chochote hapo zaidi ya upepo. Nimewaona wanafunzi wazuri kabisa wa Madam, wanaandika bila kosa, wakikutana na Muingereza anayeongea haraka wanabaki wanatikisa kichwa tu. Simu ndogo na spika ya bluetooth vingetosha. Hata tukichangishana tungeweza kununua, na nimeshamwambia niko tayari kutoa.

Nyingine ni msongamano. Masika, Aprili na Mei, kazi za mlimani zinapungua na kila mtu anakumbuka shule, chumba kinajaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Kipindi hicho zamu yako ya kusema inakuja kwa shida. Umeme ukikatika hakuna jenereta, ila kwa sababu nusu ya darasa ni wagumu wa mlimani watu wanatoa taa zao za kichwa wanamulika ubao na somo linaendelea, sikuona hata mara moja limesimama. Notisi za kuchapa hamna, unaandika mwenyewe, na kwa maoni yangu hiyo si mbaya, daftari langu nalipanda nalo mlimani mpaka leo.

Mtu ataniuliza si bora programu ya simu, ya bure. Mimi ninayo na sijaifuta, ni nzuri kwa msamiati na kwa kusikia matamshi, tena hapo ndo inamzidi Madam. Ila kwenye "if" inakupa sentensi za watu wanaokwenda makumbusho na kununua tiketi za treni, inakwambia umekosa bila kukwambia kwa nini umekosa, na haijui kwamba umekosa kwa sababu ya -nge- ya pili. Madam anajua. Anajua kosa linatoka wapi kabla hujalifanya, na hicho ndicho nilichokuwa nalipia.

Kwa wadogo zetu wa fomu foo wanaoenda kurudia mtihani, napo panafaa. Yale maswali ya andika upya sentensi ukianza na neno ulilopewa, "Had", "Unless", anayafanyia mazoezi Jumamosi asubuhi kwa ada hiyo hiyo. "If I had known" inageuka "Had I known", "if" inaondoka na "had" inakimbilia mbele. Anawaonesha pia "Should you need anything", ambayo wanaofanya kazi za hoteli na ofisi za utalii wanaikuta kwenye barua pepe kila siku, mdomoni usiitumie sana inasikika ya kizamani, lakini kwenye maandishi ya ofisi inapendeza.

Kama Kiingereza chako ndo kinaanza kabisa, hujui hata "I go" na "I went", usianze na mada hii, mwambie akuweke kundi la chini kwanza, analo saa kumi jioni. Kundi letu ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Alhamisi. Na kama wewe ni muongozaji wa muda mrefu unaona aibu kukaa na wapagazi wako darasa moja, nenda tu, kaka niliyemtaja kule juu alikuwa anakaa kiti cha mbele na hakuna aliyemcheka, tena mifano mizuri yote ilitoka kwake.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nenda na daftari kubwa, kalamu mbili na taa yako ya kichwa, na ukifika mwambie Madam tunasubiri lile somo la kuchanganya.